Tarumbeta Lililotoka Jenezani

Sehemu ya tisa

Mkono wa Mama Cherehani bado uko juu ya kioo. Juma lililopita tuliuacha hapo hapo, na mlinzi wa ukumbi anakuja mbio akipaza sauti, "Bibi, hairuhusiwi kugusa!"

Hakumsikia. Macho yake yalikuwa kwenye tarumbeta.

Lilikuwa lile lile alilolishonea ndani ya mfuko mweusi miaka kumi na miwili iliyopita, akalilaza kwa mikono yake mwenyewe kifuani mwa mumewe, ndani ya jeneza. Mumewe aliitwa Pumzi mji mzima, maana akishika noti moja ya muziki, wachezaji walikuwa wanaweza kwenda kunywa maji wakarudi wakamkuta bado anayo.

Na leo tarumbeta la Pumzi limelazwa kwenye kabati la kioo, juu ya kitambaa chekundu kama keki, limesuguliwa mpaka linang'aa.

"Bibi, umefananisha tu," mlinzi alisema. "Matarumbeta yote sura moja."

"Mwanangu, inama. Unaona pale chini, kwenye kitundu cha kumwagia mate? Unaona kimpira cha buluu?"

Mlinzi akainama. "Nakiona."

"Hiyo ni kandambili yangu. Ya mguu wa kushoto. Nilikata kipande kwa mkasi wa kazi nikakibandika mwenyewe, maana kizibo cha mwanzo kilioza, mate yakawa yanamchuruzikia mtu kwenye suruali niliyoipiga pasi mimi. Kadi yenu inasemaje?"

Mlinzi akasoma polepole, kwa aibu. "Sehemu zote ni za asili, kutoka kiwandani."

"Kiwandani! Kandambili!" ilipasuka sauti ya Wifi nyuma yao.

Wifi ni dada wa kuzaliwa wa Pumzi, na ndiye aliyemsindikiza Mama Cherehani kuja kwenye sherehe hizi. Alitupa mkoba chini, akashika kichwa.

"Wamefukua! Wamemfukua kaka yangu jamani! Watu hawana haya, mikono yao ikauke!"

Mama Cherehani akafumba macho. Aliona koleo. Aliona vidole vya mtu asiyemjua vikipekua nguo alizozishona yeye. Kichefuchefu kikampanda mpaka kooni, akameza, kikapanda tena.

Ukumbi wenyewe haukusaidia. Mpaka mwezi jana ulikuwa ghala la vitunguu. Sasa ni Wiki ya Urithi wa Muziki, kuta zimepakwa rangi ya waridi juu ya ukungu, na vitunguu vinanuka chini ya rangi kama jasho chini ya manukato.

"Mama yetu! Mama yetu mpendwa! Hazina ya mji!"

Huyo ni Katibu wa kamati ya sherehe, suti ya buluu, mikono imefunguliwa kama anapokea mtoto. Mama Cherehani hajawahi kumwona maishani mwake. Alipokwenda ofisini kwake kuomba kiti kimoja cha mbele, alijibiwa dirishani kwamba wake wa wanamuziki hawamo kwenye bajeti.

"Mimi si hazina, mimi ni mshonaji. Tarumbeta la mume wangu mmelitoa wapi?"

"Limetolewa kwa hiari na familia, mama."

"Familia ni mimi."

"Tuna barua yenye sahihi."

"Ya nani?"

"Mambo ya ofisi hayo, tuyaache. Leo ni siku ya furaha! Saa kumi kamili mgeni rasmi atalipuliza mbele ya kamera, kisha fundi atalijengea ukutani. Kioo, saruji, basi. Vizazi na vizazi vitalitazama."

"Atalipuliza? Kwa mdomo?"

"Sasa apulize kwa nini, mama?"

Watu wakacheka. Mama Cherehani hakucheka.

Pumzi alikuwa mtu wa utani kwa kila kitu isipokuwa mahali pa kuwekea mdomo wake. Siku moja mwenye ukumbi mmoja wa dansi, kalewa chakari, alimnyang'anya tarumbeta jukwaani akalipuliza. Pumzi alilirudisha nyumbani limefungwa kwenye gazeti, akalichemsha kwenye sufuria kwa sabuni, akamwaga maji, akalichemsha tena. Halafu akaitoa na sufuria yenyewe nje. "Humo usipike tena," alimwambia mkewe.

Na alipolala kitandani mara ya mwisho, pumzi ile ya kusifiwa imebaki kidogo tu, alimshika mkono. "Asije akalipuliza mtu. Nikiondoka, niondoke nalo." Mama Cherehani akasema sawa. Ndiyo ahadi pekee ambayo mumewe aliwahi kumwomba katika ndoa ya miaka thelathini na minne.

Saa ya ukutani ilisema saa tisa na robo.

"Wifi, simama hapa uchunge hili kabati," alisema. "Mimi namfuata Besi."

"Nenda wifi yangu. Hapa hapiti hata nzi."

Mzee Besi alikuwa amebaki peke yake katika bendi nzima ya Pumzi. Walimkalisha pembeni ya jukwaa, kwenye kiti cha plastiki, wamempa gitaa la besi lisilo na nyuzi, na kifuani wamembana karatasi kwa pini: HAZINA HAI NAMBA 4. Namba moja mpaka tatu walikufa kamati ikiwa bado inakaa vikao. Watu walikuwa wanapanga foleni kupiga naye picha. Mwanamke mmoja alimwegemeza mwanawe mapajani pake bila hata kumwamkia, kama mtu anayeweka kikapu juu ya meza.

"Shemeji, wamekuvisha nini?" Mama Cherehani akaishika kola ya koti lake. Ikabaki vidoleni. "Gundi! Wamebandika kola kwa gundi kama bahasha!"

"Usinichekeshe shemeji, nimekatazwa kucheka. Eti natakiwa nikae kihistoria."

"Besi, wamemfukua Pumzi."

Uso wa mzee ukanyauka. "Wamefukua wapi?"

Msomaji, hilo neno lishike. Hakuuliza nani. Aliuliza wapi. Lakini Mama Cherehani alikuwa na hasira, na mwenye hasira hasikilizi maneno madogo.

"Kaburini, wapi kwingine? Tarumbeta lake liko pale kwenye kioo!"

"Kaburini umekwenda kuangalia?"

"Si nilikuwepo jana Ijumaa! Kama Ijumaa zote. Wewe kila nikikwambia twende magoti yanauma, kwa hiyo hujui. Nimefagia, nimemwagilia maua, jiwe la saruji limekaa vile vile ulivyoliweka, halina hata u..."



Halina hata ufa. Ndivyo alivyotaka kusema. Majani yake, maua yake, saruji yake, vyote mahali pake. Sasa huyo mfukuaji aliingilia wapi?

Hakuna aliyefukua.

Kama hakuna aliyefukua, tarumbeta halikutoka ardhini. Na kama halikutoka ardhini, halikuingia.

Mama Cherehani akakaa kwenye ngazi ya jukwaa, kola ya gundi bado mkononi, akairudia asubuhi ile ya mazishi mshono kwa mshono. Alishona mfuko akaufunga kabisa kwa uzi wa mara mbili, hakuacha kifungo wala zipu. Akaulaza kifuani mwa marehemu. Hapo akaanguka, akazimia. Wakambeba chumba cha pili, na mazikoni hakufika. Alipofumbua macho alikuta jeneza limeshapigiliwa misumari, na mtu mmoja anampepea kwa kawa la kufunikia chakula.

"Tumeshafunga, wifi yangu," yule mtu alimwambia. "Kila kitu kiko sawa."

Akageuka kutazama kabati la kioo. Mlinzi alikuwepo. Wifi hakuwepo.

Alimkuta kwenye ukuta wa mwisho, ule wa picha za wakongwe. Wifi alikuwa amejipanga chini ya picha moja kubwa, kidevu juu, mkono kiunoni, kijana wa magazeti anamwambia, "Tabasamu kidogo, mama msanii." Na picha ile ilikuwa ya nani? Ya Wifi mwenyewe, ya ujana wake, na chini yake maandishi ya dhahabu: SAUTI YA DHAHABU YA BENDI.

"Wifi."

Tabasamu likaanguka kama kola.

"Wewe uliimba lini?" Mama Cherehani aliuliza.

"Punguza sauti, wifi, kamera hizo."

"Nakuuliza, uliimba lini?"

"Nilikuwa... naitikia."

"Ulikuwa unakata tiketi mlangoni!"

"Nilikata huku naitikia."

Kijana wa magazeti akaona afadhali akapige picha mahali pengine.

"Barua ya Katibu ina sahihi yako," Mama Cherehani alisema. Hakuuliza. "Umewapa tarumbeta, wamekupa ukuta."

Wifi akatazama huku, akatazama kule, akakosa pa kutokea. Ndipo alipogeuka mkali.

"Pumzi alikuwa kaka yangu kabla hajawa mume wako! Hiyo pumzi unayojivunia ilianzia kwetu, akipuliza bomba la maji uani, sisi hatuna viatu. Wewe ukaona ni kitu cha kufukia na funza? Nimelilaza chini ya kitanda changu miaka kumi na miwili. Sikumwonyesha mtu. Nalipangusa, nalilia, nalirudisha. Mimi nilimlilia zaidi yako!"

"Halafu ukaligawa kwa picha."

"Kila mtu yuko ukutani humu, wifi. Mpaka muuza soda! Mimi nikifa nani atasema nilikuwepo?"

Ilikuwa nusura amwonee huruma. Kweli kabisa, nusura. Lakini mshonaji ni mshonaji, na kulikuwa na jambo moja halijakaa sawa.

"Ule mfuko niliufunga kwa uzi wa mara mbili."

"Nilifumua. Nikashona tena."

"Jeneza likapigiliwa, likabebwa, na wabebaji hawakusikia kwamba mfuko mtupu?"

"Haukuwa mtupu." Wifi alianza kukagua kucha zake. "Niliweka kitu. Cha uzito ule ule. Ili mtu akiushika asishtuke."

"Kitu gani?"

"Kilichokuwa karibu."

"Wifi, kitu gani?"

"Stovu."

"Stovu gani?"

"Ile yako. Ya shaba. Ya pampu."

Mama Cherehani akashika ukuta, rangi ya waridi ikamganda mkononi.

Miaka kumi na miwili! Miaka kumi na miwili hajampa salamu jirani yake wa ukuta mmoja kwa sababu ya stovu ile. Alimwita mwizi mbele ya kadamnasi kwenye bomba la maji. Binti wa jirani aliolewa, hakwenda. Jirani alilazwa hospitali, hakwenda. Na kila Ijumaa, akifagia kaburi, alimsimulia mumewe: "Yule mwanamke stovu yetu hajairudisha mpaka leo, na anapikia hiyo hiyo, nasikia harufu."

Kumbe marehemu alikuwa ameikumbatia.

Alitaka kucheka, akataka kutapika, akashindwa kuchagua. Na kabla hajachagua, ukumbi ulijaa sauti.

Ilikuwa kama ng'ombe aliyekanyagwa mkia. Ikakatika. Ikaanza tena, ndefu, yenye maji maji ndani yake.

Mama Cherehani akatazama saa. Saa tisa na dakika arobaini.

"Ndugu wananchi," Katibu alikuwa anasema kwenye maiki, "mgeni rasmi ana haraka, tumesogeza ratiba mbele kidogo! Makofi tafadhali!"

Mgeni rasmi alikuwa jukwaani, tarumbeta mkononi, mashavu mekundu. Mchana kutwa alikuwa anatafuna karanga, na maganda membamba ya karanga yalikuwa yamemganda midomoni kama magamba. Akalamba. Akavuta hewa. Akalibana tena tarumbeta la Pumzi mdomoni kama mtoto na chupa, likatoa mlio wa choo kinachovutwa. Uzi wa mate ukaning'inia, ukakatika, ukatua juu ya tai yake.

"Jaribu na wewe bwana!" alimwambia Katibu, huku akicheka.

Katibu akapangusa kipulizio kwa ncha ya tai yake mwenyewe, akapuliza. Wakacheka. Akampa mtu wa tatu, mwenye suti, mwenye jino la dhahabu. Naye akapuliza. Lilizunguka kama kikombe cha maji kisimani, mdomo baada ya mdomo, na kila mmoja alimwachia mwenzake chake.

Ahadi moja. Moja tu katika miaka thelathini na minne.

Mama Cherehani akapita katikati ya viti. Hakukimbia, magoti yake hayakimbii. Alipanda ngazi tatu za jukwaa, akasimama mbele ya mwenye jino la dhahabu, akanyoosha kiganja.

"Lete."

Aliisema kwa sauti ile anayowaambia nayo wateja wanaotaka suti kabla hawajapimwa. Yule bwana akalitoa bila kujua kwa nini.

Akabonyeza kile kimpira cha buluu kwa kidole gumba, akaliinamisha. Mate ya watu watatu yakamwagika, pwaa, juu ya kiatu cha Katibu.

"Yenu hayo," alisema. "Rudini nayo nyumbani."

Watu wakalipuka kwa makofi! Wakadhani ni mchezo, ni sehemu ya urithi. "Bibi huyo! Bibi!" walipiga kelele. Maiki ilikuwa mbele yake, na moyo umejaa, akaisogelea. Laiti asingeisogelea.

"Tarumbeta hili haliingii ukutani," alisema, na spika zikaipeleka sauti yake mpaka barabarani. "Mwenyewe alitaka kuzikwa nalo. Linarudi kaburini kwake. Na kule kuna kitu changu, kitatoka."

Makofi tena. Lakini macho ya Katibu yalikuwa yamebadilika. Yaling'aa kama ya paka aliyesikia kifuniko cha sufuria kinafunguliwa. Akamzunguka, akaikwapua maiki.

"Ndugu wananchi! Mmesikia wenyewe! Mjane wa Pumzi ameridhia! Basi natangaza: kesho Jumapili, saa nne asubuhi, tunafunga Wiki ya Urithi kwa tukio ambalo halijawahi kuonekana! Maandamano kutoka hapa mpaka makaburini! Bendi ya shule mbele! Kaburi la Pumzi litafunguliwa rasmi, tarumbeta litarudishwa, na mgeni rasmi atakata utepe!"

"Utepe?" Mama Cherehani alisema. "Kaburini? Sikusema hivyo mimi! Jamani, sikusema..."

Nani wa kumsikia? Spika zilishaanza kupiga muziki. Mgeni rasmi alikuwa anatikisa kichwa kukubali, ulimi unatafuta karanga iliyobaki nyuma ya jino. Kijana wa magazeti alikuwa anauliza kama kutakuwa na viti vya waandishi karibu na shimo. Mtu fulani akataka kujua kama chakula kitapikwa huko huko.

Kinyaa kikamkaa Mama Cherehani ulimini, kizito, kama amelamba mafuta ya cherehani. Na kibaya zaidi, imetangazwa kwamba ameridhia yeye, kwa mdomo wake, kwenye maiki.

Mkono ukamshika kiwiko. 

"Shemeji." Ni Mzee Besi. Alikuwa amekuja na gitaa lake lisilo na nyuzi, na ile karatasi ya namba nne imening'inia kwa pini moja. "Kataa. Lala chini, piga mayowe, sema umerogwa, lakini kataa. Lisifunguliwe lile kaburi."

"Hata mimi sitaki lifunguliwe kwa ngoma na utepe! Lakini stovu..."

"Achana na stovu. Hawataikuta stovu."

"Kwa nini wasiikute? Wifi kakiri."

Besi akaegemeza gitaa kwenye ngazi. 

"Unakumbuka ulinituma nikaweke jiwe la saruji? Miezi mitatu baada ya mazishi, wewe ukiwa bado hujafika makaburini?"

"Nakumbuka. Ukaliweka."

"Siku ile nilikuwa nimelewa, shemeji. Nilikunywa kwa ajili yake tangu alfajiri. Na mvua zile zilikuwa zimesomba vibao vyote vya majina. Nikakuta matuta manne yamepangana, yote udongo mtupu, yote sawa sawa. Nikakisia. Nikamwaga zege, nikaliandika jina. Kesho yake nikarudi kichwa kimetulia, nikaona ule mtaro tulioukanyaga siku ya kuzika uko upande mwingine kabisa. Nikajua nimekosea. Lakini saruji ilikuwa imekauka. Na wewe ulishanunua maua."

Mama Cherehani akalikumbatia tarumbeta, lenye mate na yote.

Ijumaa zote zile. Maji yote yale, mgongo umepinda kwa ndoo. Stovu, jirani, shinikizo la damu, ugomvi na Wifi, mambo ya chumbani ambayo mwanamke hamwambii mtu ila mumewe. Yote aliyasema pale, kwa sauti, amepiga magoti.

"Yule ninayezungumza naye," aliuliza polepole, "ni nani?"

"Sijui, shemeji. Ni mtu wa watu."

"Na Pumzi yuko tuta lipi?"

Kabla Besi hajajibu, mkono wenye manukato ulitua begani pa Mama Cherehani. Ni Katibu, kiatu kimeshapanguswa, amebeba utepe mwekundu umeviringishwa vizuri.

"Mama yetu mpendwa," alisema, "wachimbaji wameshapatikana. Tunakutegemea wewe sasa. Kesho utatangulia mbele ya wote, na ukifika utatuonyesha kwa kidole: ni lipi."